Sura ya 6: Kiboko na Mamba Waligombea Nini?

Swali ni lile lile, liulizwe na mwanafunzi aliyefungua kitabu cha historia ya Ulaya au na mgeni aliyekaa kwenye sebule ya hoteli akitazama picha kuukuu zilizotiwa fremu ukutani: "Hivi mambo haya yalitokea kweli?" Faru amemtia tembo pembe tumboni. Simba amening'inia kwenye shingo ya farasi. Kiboko amepanda juu ya mamba, kinywa wazi, na chini yao amelala mtu ambaye haijulikani kama bado yu hai. Mtazamaji hushangaa kidogo, kisha huuliza la pili: "Na kama hayakutokea, aliyechora alikusudia kusema nini?"

Wengi hukimbilia kulijibu hilo la pili. Utaambiwa simba ni ufalme, mamba ni Shetani, tembo ni hekima, na vita vyao ni vita vya wema na uovu. Majibu ya namna hiyo yanapendeza sana, na karibu kila mara hayana ushahidi wowote. Katika sura hii tutaanzia kwingine. Tutauliza mchoraji alimpata wapi mnyama wake, na nani aliyetaka kumwona mnyama huyo akipigana. Tukishayajua hayo mawili, habari ya maana inakuwa rahisi, na mara nyingine inakuwa ndogo kuliko tulivyotegemea.

Picha tunazozizungumzia ni za enzi ya baroko, yaani mtindo wa sanaa uliotawala Ulaya tangu kama mwaka 1600 hadi katikati ya karne ya 18. Ni sanaa ya mwendo na kishindo: nguo zinapeperuka, misuli imetuna, kila kitu kimekamatwa katikati ya tendo. Kwa mchoraji wa namna hiyo, mnyama anayekula majani kwa amani ni hasara ya karatasi.

Picha yenyewe

Tuchukue moja tuichambue. Peter Paul Rubens wa Antwerp, mchoraji aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote kaskazini mwa Ulaya wakati wake, alichora kwa rangi picha ya mawindo ya kiboko na mamba kama mwaka 1615 au 1616. Aliyeiagiza ni Maximilian, mtawala wa Bavaria, aliyetaka picha nne za mawindo za kupamba jumba lake la Schleissheim, karibu na Munich. Baadaye Pieter Soutman, msanii wa Haarlem aliyefanya kazi karibu na Rubens, aliichora upya kwenye bamba la shaba ili ichapwe kwenye karatasi na kuuzwa. Hivyo ndivyo picha ya ukutani kwa mtawala mmoja ilivyogeuka picha ya kila mwenye fedha kidogo mfukoni.

Itazame polepole. Katikati yuko kiboko, mkubwa, mnene, kinywa kimeachama. Chini ya miguu yake amebanwa mamba, naye ameachama. Farasi watatu wamesimama kwa miguu ya nyuma, na juu yao wapanda farasi waliovaa mavazi ya Mashariki wakishusha mikuki na panga. Mbwa wanang'ata wanapopata. Watu wawili wako chini: mmoja ameshikwa kwenye msukosuko wa miguu na mikia, mwingine amelala chali. Nyuma kuna mnazi au mtende wa kutuonyesha kwamba hapa si Antwerp.

Sasa jiulize: nani anapigana na nani? Kiboko anamkanyaga mamba, lakini hasira yake imeelekea kwa wapanda farasi. Mamba anapigana na kila kilicho karibu. Watu wanawachoma wote wawili. Ukiitazama kwa jicho la mtu aliyekulia karibu na mto, utagundua kwamba shughuli hii haina mpangilio hata kidogo. Kiboko huwindwa majini kwa chusa na mitumbwi, au kwa shimo kwenye njia yake ya kwenda malishoni usiku. Hakuna mwindaji mwenye akili timamu anayempeleka farasi wake hadi mdomoni mwa kiboko mchana kweupe. Na mamba? Pale Hifadhi ya Katavi, wakati wa kiangazi, viboko kwa mamia hubanana kwenye madimbwi ya tope yaliyobaki, na mamba wapo hapo hapo. Kuna kusukumana, na mamba akimtamani ndama wa kiboko hufukuzwa na mama. Lakini siku zinapita, na wengi wao hawana habari na wenzao.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hapana. Tukio hili halikutokea. Ila kiboko yule ni wa kweli, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kiboko aliyetiwa chumvi

Kwa karne nyingi Ulaya haikuwa na kiboko wa kumtazama. Ilikuwa na kitabu. Plinius, Mrumi aliyeandika maelezo marefu ya viumbe vyote na kufa mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, alisema kiboko ana kwato zilizopasuka kama za ng'ombe, na mgongo, manyoya ya shingoni na mlio kama wa farasi. Waliofuata walichora hivyo hivyo, neno kwa neno: farasi mnene mwenye kwato za ng'ombe. Plinius alieleza pia kwamba mwaka 58 KK kiongozi mmoja wa Roma, Scaurus, aliwaonyesha wananchi kiboko wa kwanza pamoja na mamba watano kwenye mfereji uliochimbwa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo kiboko na mamba walikwishakutanishwa vitabuni zaidi ya miaka elfu moja na mia tano kabla Rubens hajashika brashi. Hakuwakutanisha yeye.

Kisha ukaja mwaka 1600. Mganga wa upasuaji wa Kiitaliano, Federico Zerenghi, alikuwa Misri, karibu na Damietta, mahali ambapo tawi moja la Nile linaingia baharini. Wakati huo viboko walikuwa bado wanafika huko. Alichimbisha shimo, akapata wawili, dume na jike, akazitia ngozi zao chumvi na kuzisafirisha hadi Italia. Mwaka 1603 alichapisha habari zao Naples. Rubens aliishi Italia kati ya 1600 na 1608, na alikaa Roma kwa vipindi virefu. Wataalamu wengi wanaamini alizitazama ngozi zile, au angalau picha zilizotokana nazo.

Ushahidi uko kwenye mwili wa mnyama mwenyewe. Kiboko wa Rubens hana manyoya ya shingoni. Hana kwato za ng'ombe. Ana miguu mifupi yenye vidole. Masikio ni madogo, mdomo ni mpana, ngozi imejikunja mahali inapostahili kujikunja. Baada ya karne nyingi za farasi wa mtoni, huyu ni kiboko ambaye mvuvi wa Rufiji angemtambua mara moja. Mwili wake umetoka kwenye ngozi halisi. Ugomvi wake umetoka kitabuni. Ukishika tofauti hiyo moja, umeshika nusu ya kazi ya kusoma picha za namna hii.

Bamba, sindano na mkono wa kushoto

Kabla hatujaenda mbali, tueleze chapa ni nini. Katika sura hii chapa ni picha iliyochorwa kwenye bamba la shaba na kuhamishiwa kwenye karatasi kwa wino. Njia zilikuwa mbili kuu. Kwanza, fundi huchonga mistari moja kwa moja kwenye shaba kwa chuma chembamba chenye ncha kali. Pili, bamba hupakwa nta, fundi akachora juu ya nta kwa sindano, kisha bamba likamwagiwa asidi. Asidi hula shaba pale tu sindano ilipopita. Mafundi wengi walichanganya zote mbili. Halafu wino unasuguliwa mpaka uingie kwenye mifereji, uso wa bamba unafutwa, karatasi yenye unyevu inawekwa juu, na mashine inakandamiza.

Kuna jambo dogo hapa ambalo huwapotosha wengi. Karatasi ikibanduliwa, picha imegeuka: kulia kumekuwa kushoto. Fundi mwangalifu huchora kinyume tangu mwanzo ili chapa itoke sawa, lakini wengine hawakujali. Ndiyo maana ukimwona shujaa amekamata upanga kwa mkono wa kushoto, usianze kutunga nadharia kuhusu mkono wa kushoto na uovu. Angalia kwanza kama wapiganaji wote ni wa kushoto. Kama ndivyo, umekuta chapa iliyogeuzwa, basi.

Chini ya picha mara nyingi kuna maandishi madogo ya Kilatini. Watu huyapita, na ndiyo yenye habari nyingi kuliko mnyama mwenyewe. Yanayojirudia ni haya:

- invenit, baada ya jina: huyu ndiye aliyebuni picha;
- pinxit: huyu ndiye aliyeichora kwa rangi;
- sculpsit au fecit: huyu ndiye aliyechonga bamba;
- excudit: huyu ndiye aliyechapisha na kuuza;
- cum privilegio: mchapishaji ana hati ya mtawala ya kuwazuia wengine kuinakili.

Hilo la mwisho si pambo. Rubens alihangaika sana kupata hati za namna hiyo kwa picha zake, akazipata Brabant na Ufaransa mwaka 1619, na Uholanzi mwaka 1620. Alijua vizuri kwamba chapa ni biashara, na kwamba katika biashara hiyo wezi hawalali. Ukiona majina matatu chini ya picha, ujue unatazama kazi ya watu watatu, na huenda hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona mnyama aliyechorwa.

Kwa ufupi hadi hapa: tukio limebuniwa, umbo la mnyama linaweza kuwa la kweli, na picha imepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kukufikia.

Faru aliyepitia Msumbiji

Mfano ulio mkubwa kuliko wote wa ugomvi wa kitabuni ni ule wa tembo na faru. Plinius huyo huyo aliandika kwamba faru ni adui wa tembo kwa maumbile. Kwamba hunoa pembe yake kwenye mawe kabla ya pambano na kulenga tumbo, kwa kuwa anajua ndipo penye ngozi laini. Kauli hiyo ilirudiwa kwa miaka elfu moja na zaidi bila ya mtu yeyote kuithibitisha. Kisha ikapatikana nafasi ya kuijaribu.

Sultani Muzaffar wa Gujarat alimpa Afonso de Albuquerque, gavana wa Wareno kule India, faru hai. Albuquerque akaamua kumpeleka kwa mfalme wake, Manuel wa Kwanza. Meli iliondoka India mapema mwaka 1515, ikavuka bahari yetu hii ya Hindi, ikatia nanga Msumbiji, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na baada ya miezi kama minne ikafika Lisbon tarehe 20 Mei. Tangu enzi za Warumi Ulaya ilikuwa haijaona faru.

Manuel alikuwa na tembo pia. Tarehe 3 Juni aliwakutanisha wawili hao mbele ya umati ili aone kama Plinius alisema kweli. Tembo, aliyekuwa bado mdogo, alimwona faru akija, akatimua mbio. Pambano halikuwepo. Wasomi wakatangaza kwamba Plinius amethibitishwa. Ukweli ni kwamba walichokiona ni ndovu mchanga mwenye hofu katikati ya makelele ya watu, jambo lisilohitaji msomi kulieleza.

Barua na mchoro wa haraka wa faru yule vilifika Nürnberg, kwa Albrecht Dürer. Mwaka huo huo alimchora faru ili achongwe kwenye ubao badala ya shaba, na chapa yake ya faru ikawa picha ya mnyama iliyonakiliwa kuliko pengine nyingine yoyote Ulaya. Dürer hakumwona faru maisha yake yote. Alimvika ngozi kama deraya ya askari, yenye mabamba na misumari, na juu ya mabega akamwotesha kipembe cha ziada kisichokuwepo. Juu ya picha aliandika kwamba mnyama huyu ni adui wa tembo na humpasua tumbo. Hata tarehe aliyoiandika si sahihi: aliweka 1513.

Kipembe kile cha mabegani ni zawadi kwa wapelelezi wa picha. Popote utakapokikuta, iwe kwenye chapa ya mapigano ya wanyama ya karne ya 17, kwenye kikombe au kwenye jiwe la mlangoni, unajua mchoraji alikuwa na karatasi ya Dürer mezani na si faru mbele yake. Faru mwenyewe alipelekwa zawadi kwa Papa Leo wa Kumi, na meli ikazama pwani ya Italia mwanzoni mwa 1516. Faru anaweza kuogelea. Huyu alikuwa amefungwa minyororo.

Wanyama waliogoma

Hapa ndipo ninapoona jambo ambalo vitabu vingi vya sanaa hulipita haraka. Watawala wa Ulaya walijaribu mara nyingi kuyafanya mapigano ya kwenye picha yawe kweli, na mara nyingi wanyama walikataa.

Mwaka 1459 mji wa Florence uliwaandalia wageni wakubwa, akiwemo Papa Pius wa Pili, tamasha la wanyama katika uwanja mkuu. Simba waliachiliwa kati ya farasi, ng'ombe na wanyama wengine. Umati ukangoja damu. Simba wakalala.

London, mwaka 1609, mfalme James wa Kwanza, aliyekuwa na uwanja maalumu wa mapigano ya simba kwenye ngome ya Tower, aliagiza simba waachiwe dubu aliyekuwa amemuua mtoto. Mfalme alikuwapo na familia yake. Simba mmoja baada ya mwingine aliletwa, na hakuna aliyemgusa dubu. Walitafuta njia ya kurudi vizimbani. Ilibidi dubu yule auawe na mbwa siku nyingine, na mama wa mtoto akapewa sehemu ya fedha za kiingilio.

Ongeza na ndovu wa Lisbon. Mnyama aliyetekwa, akasafirishwa kwa miezi, akalishwa vibaya na kuzungukwa na maelfu ya watu, hana ugomvi na mnyama mwingine wa ajabu aliyeletwa mbele yake. Hamjui. Simba anayewinda anawinda kwa sababu ya njaa na kwa ujanja wa kuvizia. Uwanjani hakuna la kuvizia. Haya hayakuwazuia watu kuendelea: Vienna ilifungua jumba zima la mapigano ya wanyama mwaka 1755, na lilidumu mpaka lilipoungua mwaka 1796. Lakini huko wengi waliotendewa ukatili walikuwa ng'ombe, dubu na nguruwe mwitu, na waliotenda walikuwa mbwa waliofunzwa.

Kwa maoni yangu, chapa za mapigano zilipendwa kwa sababu zilitoa kile ambacho uwanja ulishindwa kutoa. Juu ya shaba simba halali. Tembo hakimbii. Kiboko anatoka majini mchana na kusimama pale pale anapotakiwa. Mtawala aliyegharamia bustani ya wanyama alipata aibu. Mtawala aliyegharamia picha alipata ushindi, na ushindi huo haukuhitaji kulishwa.

Na wachoraji nao walikuwa na lao. Mapigano ya wanyama yaliwapa nafasi ya kuonyesha ufundi wa kuchora miili iliyosokotana, mtihani mgumu kuliko yote. Rubens aliisoma sana picha ya vita ya Leonardo da Vinci, ile ya Anghiari, iliyobaki kwenye nakala tu baada ya ile ya ukutani kupotea, yenye wapanda farasi waliofungamana kama fundo. Alizijua pia chapa za Antonio Tempesta, Mflorentina aliyefanya kazi Roma hadi kifo chake mwaka 1630 na kuacha zaidi ya chapa elfu moja, nyingi zikiwa za mawindo na vita. Fundo lile la farasi na watu wa Leonardo ndilo Rubens alilolipeleka kando ya Nile, akaingiza kiboko katikati.

Basi ina maana gani?

Sasa turudi kwenye swali la pili. Sisemi kwamba wanyama hawa hawakuwa na maana kabisa. Mara nyingine tuna ushahidi ulio wazi. Alessandro de' Medici, aliyetawala Florence kati ya 1532 na 1537, alimchukua faru wa Dürer kuwa alama yake, na akaandikiwa maneno ya kusema kwamba yeye harudi bila kushinda. Hapo maana haina utata: faru ni mtu asiyerudi nyuma, na msingi wake ni ile hadithi ya Plinius. Alama ina mwenyewe, ina maneno yake, na ina tarehe.

Lakini tazama kiboko na mamba. Utawasikia watu wakisema hawa ni Behemothi na Lewiathani, wale viumbe wa kutisha wa Kitabu cha Ayubu, na kwamba Rubens alichora nguvu za giza zikishindwa. Inavutia, nakubali. Tatizo ni tarehe. Aliyewafanya wasomi wengi wakubali kwamba Behemothi ni kiboko na Lewiathani ni mamba ni Mfaransa Samuel Bochart, na kitabu chake kilitoka mwaka 1663. Kabla ya hapo wengi waliona Behemothi ni tembo na Lewiathani ni nyangumi. Rubens alikufa mwaka 1640. Huwezi kumvisha mchoraji kanzu iliyoshonwa baada ya maziko yake.

Wengine hutazama vilemba vya wapanda farasi, wakasema hii ni picha ya Ulaya dhidi ya Waturuki. Misri kweli ilikuwa chini ya Waturuki tangu 1517, na mavazi yale yalimwambia mtazamaji wa Munich kwamba tuko Misri. Ila kwenye picha wenye vilemba ndio wanaoelekea kushinda. Kama ni matusi kwa Waturuki, ni matusi ya ajabu sana.

Kwa hiyo nikiulizwa, jibu langu kuhusu picha hii ni la chini kidogo kuliko watu wanavyotaka. Inasema kwamba mwenye jumba hili ni mtu wa mawindo, na mawindo Ulaya ya wakati ule yalikuwa haki ya wakubwa. Mkulima aliyeua paa wa bwana angeweza kuadhibiwa vikali. Inasema kwamba fikra zake zimefika Misri hata kama miguu yake haikufika. Na inasema kwamba ana fedha za kumwajiri Rubens. Mtu anayetaka falsafa zaidi ya hiyo alete barua, mkataba au maandishi ya wakati huo, tuyasome pamoja.

Ukikutana na chapa ya namna hii, uliza kwa utaratibu huu:

1. Majina gani yameandikwa chini, na kila mmoja alifanya kazi gani?
2. Umbo la mnyama limetoka kwa mnyama hai, kwa ngozi, au kwa picha nyingine?
3. Ugomvi wao umetajwa katika kitabu gani cha zamani?
4. Nani aliagiza, na alitaka aonekane vipi?
5. Kuna maandishi yoyote ya wakati ule yanayotaja maana?

Kama la tano halina jibu, usilijaze kwa kubuni.

Jicho la mtu wa huku

Msomaji wa Afrika Mashariki ana silaha ambayo mteja wa Antwerp hakuwa nayo: wengi wa wanyama hawa anawajua, au anamjua anayewajua. Silaha hiyo ni kali, lakini lazima itumiwe kwa uangalifu. Faru wa Dürer ana pembe moja puani na ngozi yenye mikunjo mikubwa, na Mtanzania aliyewahi kwenda Ngorongoro atasema hilo ni kosa, kwani faru ana pembe mbili na ngozi yake haina mabamba. Si kosa. Yule alikuwa faru wa India, na faru wa India ana pembe moja na mikunjo ya kweli. Kosa la Dürer ni misumari na kile kipembe cha mabegani.

Hali kadhalika picha nyingine ya Rubens kwa ajili ya Maximilian inawakutanisha simba, chui na simbamarara. Mtu atasema simbamarara hakutani na simba. Leo ni kweli, lakini enzi hizo simba walienea sehemu kubwa ya Asia, na hata sasa wapo katika msitu wa Gir, huko huko Gujarat alikotoka faru wa Lisbon.

Kosa la kweli, na ambalo linatuhusu, alilifanya James Bruce. Huyu ni msafiri wa Uskoti aliyefika Ethiopia mwaka 1769 na kuchapisha safari zake mwaka 1790. Alijua kabisa kuwa faru wa Afrika ana pembe mbili, na alimkemea Dürer kwa kuwapotosha watu. Lakini picha ya faru iliyomo kitabuni mwake imenakiliwa kutoka kitabu cha Mfaransa Buffon, na faru wa Buffon alitokana na Clara, faru jike wa India aliyezungushwa Ulaya tangu 1741 hadi alipokufa London mwaka 1758. Aliyeandaa picha ya Bruce aliongeza pembe ya pili tu, akaiacha mikunjo yote ya ngozi ya India mahali pake. Matokeo yake ni mnyama ambaye hayupo Afrika wala Asia, katikati ya kitabu cha mtu aliyewasema wengine kwa uongo. Ngozi ya faru wetu ni laini upande wa ubavuni. Yeyote aliyemwona Ngorongoro au katika Hifadhi ya Nairobi anaweza kumsahihisha Bruce bila kufungua kitabu.

Na michoro minne ya Maximilian? Majeshi ya Ufaransa yaliichukua mwaka 1800 na kuitawanya. Kiboko na mamba walirudi Munich mwaka 1815, na wamo hadi leo katika jumba la Alte Pinakothek. Nguruwe mwitu yuko Marseille, simbamarara yuko Rennes. Ile ya simba ilipelekwa Bordeaux, ikateketea kwa moto mwaka 1870. Mojawapo ya njia za kujua ilivyokuwa ni chapa aliyoichonga Soutman.